Mbele ya kupima moto wa damu, mutuvulishe bote

Mu mukutano wetu wa madelege, wakati tulikuwa tunatayarisha madai ya konvansyo kolektivi, kamarade mumoja alisimama na karatasi mukononi. Alikuwa amesikiliza munganga ku redio, kiisha akatafuta zaidi ku telefone yake, na akatufasiria vizuri kabisa: kwa mutu wa ugonjwa wa sukari, mbele neva za miguu ziharibike, damu inakuwa tayari na moto. Ule moto unaitwa inflamasyo, na labo inaweza kuupima. Basi akaomba sendika idai kama kila mutumikaji apimwe CRP na interlekini kila mwaka, sawa vile wanafanya Ulaya. Watu wakapiga mikono. Mimi sikupiga. Kuanzia ile siku wengine wanasema kampani imeninunua. Kwa sababu ile maneno imetoka inje ya mukutano, naijibu pia inje.

Kwanza, kamarade hakudanganya. Mu ugonjwa wa sukari wa aina ya pili, mwili bado unatengeneza insulini, lakini nyama na maini haviisikilize tena vizuri. Mafuta yenye kujaa ndani ya tumbo hayakae bure: yanatoa ujumbe wa kemikali mu damu, na ule ujumbe unachochea moto mudogo wenye hauzimike. Mu 1993, Gökhan Hotamisligil na Bruce Spiegelman, huko Boston, pamoja na wenzao, walionyesha ku panya wanene kama mafuta yao yanatoa TNF, na kama ile TNF inazuia insulini kufanya kazi yake. Ujumbe mwingine unaitwa interlekini-6. Ukifika ku maini, maini yanatengeneza CRP kwa wingi. CRP yenyewe inajulikana tangu 1930, wakati William Tillett na Thomas Francis waliiona huko New York mu damu ya watu wenye kugonjwa mapafu. Na mu Augsburg, Ujerumani, watafiti walifuata wazee kwa miaka mingi: wale wenye walikuwa na interlekini-6 na TNF nyingi ku mwanzo, njo walikuwa ku hatari zaidi ya kuharibika neva nyuma.

Kwa hiyo ule moto uko kweli. Lakini watafiti wanalinganisha mamia ya watu na mamia ya watu. Hata huko Ulaya kwenyewe, munganga hapime interlekini ya mugonjwa wa sukari juu ya kujua kama neva zake ziko hai. Anamwambia avue viatu.

Tuseme sasa juu ya CRP, sababu interlekini haitafika mu dispansere zetu leo wala kesho. CRP iko sawa sirene ya uzini. Inalia, na wote tunasikia, lakini haiseme moto uko mu nyumba gani. Malaria inapandisha CRP. Jino lenye kuoza inaipandisha, kidonda inaipandisha, kifua kikuu vilevile. Mu wakati wa mvua, hapa kwetu Katanga, ukipima watumikaji mia moja wa poste ya usiku, utapata karatasi ngapi zenye CRP juu? Na kati ya zile karatasi, utajua aje ni nani miguu yake inakufa? Ile VS yenye tunapenda sana ku labo iko namna moja. Hata kupungukiwa na damu tu kunaipandisha.

Nina sababu ya kusema hivi. Mwenzangu mumoja, mekanisye wa makamyo makubwa, mutu wa nguvu, alianza kulalamika kama miguu inamuwaka usiku. Muke wake alisema anatupa blanketi, anatoka kusimama ku sima ya baridi, hata mu mwezi wa saba. Alienda ku dispansere ya kazi. Wakamufanyia VS na CRP. CRP ilikuwa juu. Wakaandika "inflammation" ku kitabu yake, wakamupa diklofenaki. Maumivu ikarudi, wakamupa tena. Kiisha mutu mwingine, ku farmasi ya mutaa, akamuuzia dexa, kwa sababu ni inflamasyo, na dexa inaua inflamasyo. Akaanza kula vizuri, akanenepa, tukamusifu. Nyuma ya miezi minane hivi, akatuambia: "Bayaya, nimepona. Miguu haiwake tena."

Hakupona. Neva yenye kuharibika inalia, na ikikufa inanyamaza. Alikuwa anafurahia ule unyamavu.

Siku moja, ku mwisho wa poste, tuko mu vestieri, anavua bote ya kuume, soksi inatoka nyekundu. Tunageuza bote, inaanguka ekru. Ekru kubwa sawa mwisho wa kidole gumba. Alikuwa ameitembelea juu tangu asubuhi, saa kumi na mbili za kazi, anapanda ngazi ya kamyo na kushuka, na hakusikia kitu. Alikuwa anatuangalia sisi, sawa mutu mwenye anangoja tumufasirie. Ile jioni njo walimupima glisemi kwa mara ya kwanza. Ilikuwa zaidi ya 300. Bandeleti moja tu, yenye bei chini ya ile CRP, ingeonyesha ule ugonjwa tangu siku ya kwanza. Kidonda kikaoza. Wakakata vidole viwili, kiisha muguu chini ya goti. Na kampani ikaandika kama si ajali ya kazi, ni ugonjwa wa mutu mwenyewe. Ekru ilikuwa ya nani? Leo anauza makala mbele ya nyumba yake.

Basi mimi nikisikia neno "inflamasyo" mu mukutano, nasikia ile ekru inaanguka ku sima.

Hii neno iko na hatari yake mu midomo ya watu wetu. Ukimwambia mutu "damu yako iko na inflamasyo", anaenda ku farmasi kuomba dawa ya inflamasyo. Na atapewa, sababu wenye kuuza ni wengi. Diklofenaki haiponyeshe neva za sukari, na mutu wa sukari, mwenye mafigo yake iko tayari ku hatari, akiimeza kila siku anaharibu ile mafigo. Dexa ni mubaya zaidi: ni ya jamaa ya kortizoni, inapandisha sukari mu damu. Vijana wanaimeza juu ya kunenepa, wadada pia, tunajua wote. Kwa hiyo ile dawa yenye inapigana na moto inaongeza kuni. Mutu atafurahi kuona CRP yake inashuka, na wakati huohuo glisemi inapanda kimyakimya.

Sasa neva zinakufa namna gani? Sukari nyingi inaharibu neva yenyewe na mishipa midogo ya damu yenye kuilisha. Neva zenye kuteswa kwanza ni zile ndefu, zenye kutoka ku mugongo wa chini mpaka ku vidole vya miguu, karibu metre moja. Njo maana inaanza ku vidole, inapanda pole pole sawa mutu anavaa soksi, na ikifika karibu ku goti, mikono pia inaanza. Wengine wanasikia moto, wengine sawa wadudu wanatembea chini ya ngozi, wengine sawa wanakanyaga pamba. Lakini shikeni hii: karibu nusu ya wenye neva zao zimeharibika hawasikie dalili yoyote. Hawalalamike. Ukingoja walalamike umechelewa.

Na angalieni mutu wa namna ile anatumika wapi. Anavaa bote yenye chuma ku mbele masaa kumi na mbili. Kwa sababu hasikie vizuri, anachagua bote yenye kumubana. Yenye kumufaa anaona sawa inaogelea mu muguu. Anatumika ku uzini ya hidro, kwenye kuko asidi ya salfa. Tone likiingia mu bote, wewe na mimi tutaruka, yeye ataendelea na kazi. Akirudi ku nyumba, mwezi wa sita na baridi, anaweka miguu karibu ya mbabula, na ni mutoto njo atasema kama kuna harufu ya nyama. Anaoga maji yenye amepima na muguu, badala ya kupima na kiko cha mukono. Tena neva si za miguu tu. Ziko zenye kushikilia damu isishuke wakati unasimama gafla, na ukikosa zile, ngazi ya kamyo inakuwa adui. Ziko za moyo: mutu anaweza kupigwa na moyo bila maumivu ya kifua. Na ziko zile zenye wanaume hawataji mbele ya delege, lakini wanaenda kununua mizizi yake ku soko. Kaka, mbele ya kununua mizizi, pima sukari.

Niseme sasa juu ya ile mutihani yenye inanifanya nikatae CRP kuwa ya kwanza. Haiombe damu, haiombe umeme, haiombe hata franga moja. Waingereza waliitoa ku hospitali ya Ipswich, na iliandikwa mu 2011 na Gerry Rayman na wenzake. Mutu analala ao anakaa, anafunga macho. Mwingine anagusa pole na ncha ya kidole chake kidole gumba cha muguu, kiisha cha katikati, kiisha kile kidogo. Muguu wa kuume na wa kushoto, jumla vidole sita. Unagusa sekunde moja ao mbili, bila kufinya, bila kubembeleza, bila kugonga. Kila mara anasikia, anasema "ndiyo". Akikosa viwili ao zaidi kati ya sita, miguu yake iko ku hatari, aende kwa munganga. Kwa munganga kuko uzi wa plastiki wenye kukunjama ku uzito wa gramu 10, na ile chuma yenye kulia na kutetemeka, vyote vya bei ndogo na vya kutumika miaka.

Tulijaribu ile ya vidole mu biro ya sendika. Madelege kumi na mumoja, tumevua viatu, harufu siwaambie, tunacheka sawa watoto. Kamarade mumoja, wa miaka hamsini na kitu, mwenye alikuwa anacheka zaidi, alisema "ndiyo" mara tatu. Tukarudilia: mara tatu. Kicheko kikaisha. Asubuhi yake alienda kupima mbele ya kula.

Wanawake pia wanaweza kufanya hivyo ku nyumba. Mama mwenye anajua kama bwana yake hasikie vidole viwili, anajua zaidi kuliko ile karatasi ya CRP.

Nyuma ya miguu, inakuja sukari yenyewe. Glisemi ya asubuhi bila kula: ikifika 126 ao kupita, na ikihakikishwa mara ingine, ni ugonjwa wa sukari. Kuko pia hemoglobini ya sukari, yenye inaonyesha namna sukari ilitembea miezi miwili mitatu yenye imepita. Mupaka wake ni asilimia 6,5. Hii ni nzuri kwa wale wenye kujizuia bia siku tatu mbele ya vizite juu ya kumudanganya munganga. Lakini hapa kwetu drepanositozi iko mingi, na wenye damu ya SS, hata wengine wenye nusu yake, ile kipimo inaweza kudanganya kwao. Munganga aulize kwanza.

Kamarade atanijibu: "Lakini kushusha sukari peke yake hakutoshe." Ana haki. Ule utafiti mukubwa wa Uingereza, wenye ulifuata watu zaidi ya 5.000 na kutoa matunda yake mu 1998, ulionyesha kama kushusha sukari kwa nguvu kulipunguza madhara ya mishipa midogo kwa robo moja, na ile faida ilionekana zaidi ku macho. Kwa neva, mu aina ya pili, faida ni ndogo kuliko tungependa. Njo sababu watafiti wanachimba upande wa inflamasyo, na waendelee kuchimba; siku moja pengine itatoka dawa yenye kuzima ule moto bila kupandisha sukari, na mimi nitakuwa wa kwanza kuiandika ku madai. Leo haiko. Leo iko bote yenye kipimo cha muguu, iko soksi, iko bandeleti, iko mutu wa kuangalia kati ya vidole. Na kutembea, na kupunguza tumbo, vinashusha sukari na vinashusha ule moto pia. Hapa naongea na sisi wenyewe: tunatoka poste ya usiku, poste yenye yenyewe inavuruga mwili, tunaenda moja kwa moja ku bia mbili tatu, ao ku sukre ya chupa kubwa juu ya "kupata nguvu", kiisha mulima wa bukari, kiisha kulala. Sendika haiwezi kudai ile ku kampani.

Munganga wa kazi pia asikimbilie kusema kila neva ni sukari. Metformini, dawa yenye wagonjwa wa sukari wengi wanameza, ikimezwa miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12, na kukosa B12 kunaharibu neva namna moja. Ile inatibiwa kwa urahisi, kama mutu ameiwaza. Watu wa mine wanapata kifua kikuu zaidi ya wengine, kwa sababu ya vumbi ya mawe. Izoniazidi, dawa yake, inaharibu neva kama mutu hapewe vitamini B6 pamoja. Na pombe kali iko na sehemu yake. Zile zote ni maswali ya mudomo, hazilipiwe.

Kuko jambo moja lenye linazidi yote, na mu mukutano hakuna mwenye alilisema: woga. Mutumikaji anajua kama ana sukari na ananyamaza, sababu wameona wengine wanaandikwa "inapte" na kutumwa ku nyumba. Ukiongeza mitihani mingi ya damu bila kumulinda, umeongeza tu sababu za kumufukuza. Fikirini: CRP ya kila mutu, kila mwaka, mu mikono ya biro ya watumikaji! Leo CRP juu, kesho kontra haiendelezwe, na hakuna mwenye atajua kama ilikuwa jino. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamuomba mutoa kazi atunze mutumikaji na jamaa yake wakati wa ugonjwa. Basi matokeo ibaki kati ya mugonjwa na munganga, na mutu mwenye miguu yake imelala atolewe ku asidi na ku ngazi, apewe kazi ingine ku mushahara uleule.

Wazee wetu wanatukumbusha wakati wa Gécamines, hospitali yake na unga wake, na wanalia. Mimi silie juu ya unga. Lakini infirmye wa wakati ule alikuwa anainama. Nimekuwa ku vizite ya kila mwaka mara nyingi mu hii miaka: wanapima urefu, wanapima uzito, wanapiga picha ya kifua, wanaweka tampo. Hakuna hata siku moja niliambiwa nivue bote.

Ku karatasi ya madai tuliandika mistari ine. Miguu iangaliwe ku kila vizite, na bote na soksi vivuliwe. Glisemi kwa kila mutu wa miaka 35 na zaidi, na kwa kila mwenye kulalamika juu ya miguu, ku siku ileile. Bote zitolewe kufuatana na kipimo cha muguu chenye kimepimwa, na si kile cha mwaka wa kuajiriwa. Na ulinzi wa kazi sawa vile nimesema. CRP haikuandikwa, kamarade wa karatasi hakufurahi, na ana haki ya kuirudisha ku mukutano mukubwa.

Kuko mustari wa tano wenye tulipigania sisi kwa sisi mpaka usiku: wale wa su-tretansi. Kuko sheria ya tarehe 8 Februari 2017 juu ya su-tretansi, na kila mara inatajwa naona watu wanabishana juu ya kapitali, ni ya nani, asilimia ngapi. Juu ya miguu ya wale wenye kutumika ndani, sisikie. Wanavaa bote zenye wamenunua wenyewe ku soko, wanapita ku asidi ileile, na dispansere haiwapokee. Tuliomba miguu yao iangaliwe pamoja na yetu, ku mulango mumoja. Ku ile mistari ine tumepata jibu kama itazungumuzwa. Ku ule wa tano, hatujapata jibu.